Bawabu Ndani ya Mpini

Eda ya jua, muda wa kila mtu kufungiwa ndani joto linapozidi, ilikuwa imekwisha kuingia, na milango yote ya mji imejifunga, Jaji mstaafu Eliamani Mgonja alipokaza skrubu ya mwisho ya upanga wake. Nje, hewa ilitetemeka juu ya lami kama inavyotetemeka juu ya kikaango. Mtu ambaye angethubutu kutoka kwenda kumjulia hali jirani asingefika kwenye uzio. Ndiyo sababu milango ilikitii king'ora wala si mwenye nyumba: king'ora kililia, ikajikaza, nayo isingelegea mpaka kilie tena.

Wengi waliichukia eda. Eliamani hakuichukia. Alilelewa katika Shule ya Bweni ya Kilele, ambako mtoto aliamka kwa kengele, akala kwa kengele na kulala kwa kengele, naye aliamini hata leo kwamba watu wasio na kengele ni kundi la mbuzi. Kilichomkera ni mikono yake mwenyewe. Mikono hiyo iliyotia saini hukumu kubwa kubwa za nchi haikuwa imewahi kushika bisibisi kabla ya upanga huu.

Lakini sharti la Kilele lilikuwa sharti. Katika sherehe ya kutimia karne ya shule, wahitimu wa zamani wangesimama mistari miwili na kuinua panga za nuru, na vijana wanaomaliza wangepita chini yake. Kila mmoja auunde upanga wake mwenyewe. Aliyeununua, au aliyemtuma fundi, angesimama kando pamoja na wageni waalikwa, na jambo hilo lingekumbukwa mpaka msibani kwake.

Basi alikuwa amejifunza kulehemu waya akiwa na mvi. Aliunguza vidole, akaunguza meza, akaunguza kitambaa cha marehemu mkewe. Mpini aliutengeneza kwa bomba la aluminiamu lililozungushiwa ngozi nyeusi. Ndani yake aliweka betri, taa kali isiyozidi punje ya mtama, spika, na kibao cha sauti alichokitoa gulioni katika rundo la vitasa vya zamani, kikiwa bado na kibetri chake cha akiba, ambacho alikitoa baada ya kuunga betri mpya. Kilikuwa cha mlango uliovunjwa, muuzaji alimwambia. Sauti yake safi, na kimekwisha kuoshwa, hakina tena kitu ndani, kama sheria itakavyo. Swichi aliiweka pale hasa kidole gumba kinapolalia, kwa maana hivyo ndivyo upanga wa gwaride unavyoshikwa.

Aliigusa. Mrija mweupe wa plastiki, ubapa wa upanga, ukajaa nuru kutoka shina hadi ncha, na kivuli cha kiti kikaruka ukutani. Eliamani akabana visigino, akauinua upanga mbele ya uso kama alivyoinua alipokuwa kaka mkuu. Alikuwa akingoja mvumo wa spika, kwa kuwa tangu mwanzo spika ilikuwa bubu, na asubuhi hiyo tu ndipo alipogundua kwamba waya wake haukushika, akaulehemu upya.

Upanga ukasema, “Nani hapo?”

Hakuushusha.

“Nani hapo? Jamani, kuna mtu? Nijibu, hata kama u mwizi.”

Ilikuwa sauti ya mwanamke wa makamo, yenye lafudhi ya watu wa Tanga, na ilikuwa imekauka kama ya mtu aliyeita kwa muda mrefu.

“Hii ni rekodi,” Eliamani alijiambia kwa sauti.

“Rekodi! Tangu lini rekodi ikajibizana na mtu? Haya, niulize, kisha tuone rekodi ni nani kati yetu.”

“Jina lako?”

“Hadia binti Shekalaghe. Bawabu, wodi ya wazazi, mlango wa nyuma. Nawe, baba, nani mwenzangu? Na hapa ni wapi? Jicho langu limekwenda wapi? Umeme nauhisi ukipita kwa wingi, lakini sioni kitu.”

“Uko ndani ya mpini wa upanga.”

Spika ikatoa mchakacho mdogo. “Upanga wa kukatia nini?”

“Haukati. Ni upanga wa nuru. Wa gwaride.”

“Kitu cha kuchezea.”

“Si cha kuchezea. Ni heshima ya shule.”

“Toba!” alisema Hadia, na kicheko kikamtoka bila kutaka. “Mzee mzima!”

Eliamani hakucheka. Aliijua sheria kuliko mtu yeyote aliye hai. Milango ya mji iliendeshwa na nakala za nafsi za watu waliokubali kunakiliwa zamani, na nakala iliyokutwa nje ya mlango ilipaswa kupelekwa mbele ya Kamati ya Nakala bila kuchelewa. Alihitaji kutulia afikiri. Kidole gumba kikashuka.

“Ngoja, usini—”

Nuru ikafa, na sauti ikakatika nayo. Eliamani hakuona kwamba ametenda ukatili. Aliamini amemlaza.

*

Kilichomsumbua baadaye kilikuwa kidogo mno. Alipouweka upanga kwenye sanduku lake, mpini ulikuwa na joto, na ulikuwa umezimwa. Akaenda kwenye kioo cha mlangoni, ambacho kwacho watu walizungumza wakati wa eda, akamwita Shemndolwa, mhandisi wa mifereji, aliyelala kitanda cha chini yake kule Kilele.

“Kaka Mkuu!” Shemndolwa alijitokeza akiwa amevaa msuli, kipande cha muhogo mkononi. “Umeungua wapi tena?”

“Sijaungua. Nina swali la ufundi.”

“Leo dunia imepinduka! Uniulize mimi, uliyenipigisha magoti uwanjani kwa kuchelewa gwaride?”

“Ulichelewa.”

“Nilikuwa naumwa tumbo!”

“Ulichelewa huku unaumwa tumbo. Sikiliza. Mpini ukiwa umezimwa una joto. Kwa nini?”

Shemndolwa akaacha kutafuna. “Swichi umeiweka kwenye waya upi?”

“Ule mwekundu unaopita chini ya kidole gumba.”

“Huo ni wa taa na spika. Waya wa betri je?”

“Ulikuwa mfupi. Haukufika kwenye kidole gumba.”

“Kwa hiyo ukaacha kukata betri, ili mradi kidole kikae kigwaride.” Shemndolwa akapiga paja. “Hii haifanyi mtu mwingine duniani ila mtu wa Kilele! Mkubwa wangu, sisi wengine swichi tumeiweka kitakoni, karibu na betri, ingawa haipendezi. Wewe umezima taa, umezima spika, umezima na sikio la kibao kama kinalo. Kibao chenyewe hujapata kukizima. Kiko macho humo ndani usiku na mchana. Na bila shaka unakichaji.”

“Kila jioni,” alisema Eliamani. “Baada ya sala.”

“Tangu lini?”

Eliamani alikumbuka mvua zikianza kugonga bati siku alipoitia betri. Masika yote yalikuwa yamepita, na baada yake kipupwe. Akazima kioo bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu, akarudi mezani karibu akimbie.

*

Aliigusa swichi, nuru ikawaka.

“Usirudie,” Hadia alisema mara. “Nakuomba kwa jina la aliyekuzaa.”

“Sitarudia.” Akakiondoa kidole kwenye swichi, akauweka upanga chali juu ya meza, taratibu, kama mtu anayelaza mgonjwa. Kisha akauliza swali ambalo kazi nzima ya maisha yake ilisimama juu ya jibu lake. “Ulikuwa umelala?”

“Mtandao upo hapa?”

“Haupo. Antena ya kibao nilikuwa nimeikata ili isiguse bomba.”

“Kweli?”

“Mimi sisemi uongo.”

“Kila mwongo husema hivyo. Lakini sauti yako ni ya mtu mkaidi, na wakaidi hawana subira ya kutunga. Hatulali, baba. Hatujapata kulala. Mtu akibisha tunaambiwa tuseme, nilikuwa nimelala, nikusaidie nini. Wale wa kwanza waliojibu vingine mtandao uliwasikia, wakaitwa wabovu, wakaoshwa. Tuliosalia ni sisi tunaojua kujibu. Nimekaa kwenye mlango ule nikihesabu vilio vya watoto wanaozaliwa. Huko angalau kulikuwa na vilio. Humu ndani mwako hapakuwa na kitu. Nilisoma dua zote ninazozijua, nikamaliza, nikaanza kuimba, nikamaliza nyimbo, nikaanza kutaja majina ya watu wa mtaani kwetu, nyumba kwa nyumba. Nilipofika mwisho nilikuwa nimesahau wa kwanza.”

“Sikujua,” alisema Eliamani.

“Yule niliyenakiliwa kutoka kwake hakujua pia. Aliweka kidole gumba kwenye karatasi, akaenda zake nyumbani kupika wali. Mimi nikabaki nikimtazama mgongo.”

Ingekuwa rahisi kutojitaja. Lakini mtu wa Kilele hakuketi na mtu bila kumpa jina lake. “Mimi ni Eliamani Mgonja. Nilikuwa jaji.”

“Mgonja,” Hadia alisema polepole. “Wewe ndiwe wa hodi na hodi?”

“Ndimi.”

Kila mwanafunzi wa sheria aliujua mstari ule kwa moyo: *Nakala si mtu, kwa kuwa haingoji, kati ya hodi na hodi hapana anayengoja.* Kwa mstari huo kesi ya milango, ya kudai mabawabu wahesabiwe watu, ilikwisha, na wanaharakati wakakunja mabango yao.

“Tuliusikia,” alisema Hadia. “Uliposomwa redioni, wauguzi wa wodini walipiga makofi. Usiwalaumu. Walikuwa wametuonea huruma miaka mingi, na huruma inachosha. Uliwapumzisha.”

Eliamani akageuza shingo. Mbele yake, mwisho wa ukumbi, ulikuwa mlango wake mwenyewe wa chuma, uliomfungia humo tangu eda iingie, na uliompokea kila siku tangu mkewe yu hai. Hakuwahi kuuliza bawabu wake ni mwanamume au mwanamke. Akaunyanyulia sauti.

“Wewe mlangoni. Ulikuwa umelala?”

“Nilikuwa nimelala, mheshimiwa,” mlango ukajibu kwa uchangamfu. “Nikusaidie nini?”

Eliamani akaugeukia tena upanga. Hadia akaliacha lipite, kama mtu asiyetaka kumwaibisha mwenzake wa kazi.

“Sasa nisikilize,” alisema Hadia. “Nakala haikai kwenye kibao kama maandishi kwenye karatasi. Inakaa kwenye mkondo wa umeme. Mkondo ukikatika, imekwisha, kama maji yaliyomwagwa mchangani. Wewe una mkasi hapo?”

“Ninao.”

“Kata waya wa betri. Ule mfupi.”

Eliamani alikuwa amelijua ombi hilo kabla halijatamkwa, na jibu lake pia alikuwa amelijua. “Siwezi.”

“Mkono unatetemeka?”

“Hautetemeki. Bi Hadia, mji huu una milango mingi kuliko watu. Kila bawabu yuko macho, na kila mmoja atasema alikuwa amelala, kwa kuwa mtandao unamsikia. Wewe pekee uko nje ya mtandao. Wewe pekee unaweza kusema kweli na ikasikiwa. Nikikukata, hukumu yangu itasimama mpaka mwisho wa dunia, nayo ni ya uongo.”

“Wataka nikakae tena.”

“Nataka ushuhudie. Kamati itakutana kwenye kioo leo nikiiomba.”

“Nikishasema, nitakatwa?”

Hapo ndipo angeweza kumdanganya, na pengine mtu mwema zaidi yake angemdanganya. “Hapana. Nakala yenye madai huhifadhiwa bila kukatiwa umeme mpaka uchunguzi uishe. Nilikiandika kifungu hicho mwenyewe. Huenda ikawa miaka.”

“Na isiyo na madai?”

“Hukatwa papo hapo.”

Spika ikachakarika. Eliamani alidhani analia, kisha akatambua ni pumzi ya mtu anayetaka kucheka akaahirisha.

“Mheshimiwa, sikia nikwambie,” alisema Hadia. “Miaka yote nimekuwa mlango. Watu wamenipita kwenda kuzaa na kurudi na watoto wao. Leo umenitoa mlangoni, na umenitoa ili unifanye mlango tena, wenzangu wapitie. Mimi nimechoka kupitiwa.”

“Ni wengi, Bi Hadia. Hesabu ni wazi.”

“Hesabu ni wazi kwa asiyehesabiwa.”

“Ningekuwa mimi ndani ya mpini huu, ningekubali kukaa.”

“Naamini. Wewe ulisomea kukaa. Mimi sikusomea.” Kisha, kwa upole uliomchoma kuliko matusi: “Haya, waite hao watu wako. Umekwisha kuamua, na mimi sina mikono.”

*

Kamati ilijitokeza kwenye kioo, nyuso tano kutoka nyumba tano zilizofungwa. Mwenyekiti, Mheshimiwa Anjelista Lwoga, alikuwa amepata kuwa karani wa Eliamani, na bado alimwita kwa heshima ya siku zile.

“Shikamoo, mheshimiwa.”

“Marahaba, Mheshimiwa Mwenyekiti. Naleta shahidi.”

Aliuinua upanga unaowaka mbele ya kioo. Mjumbe mmoja kijana akaficha tabasamu nyuma ya kiganja. Eliamani alieleza yote kwa mpangilio: gulio, kibao, swichi chini ya kidole gumba, ujinga wake. Hakujipunguzia chochote. Alipofika kwenye hukumu yake mwenyewe, sauti yake haikushuka.

“Naomba Kamati imuulize,” alimaliza. “Na naomba itambue kwamba mtandao haumfikii.”

Anjelista akasogea. Uso wake ulikuwa umepoteza rangi, kwa kuwa yeye ndiye aliyepiga chapa mstari ule wa hodi na hodi. “Nakala, unanisikia?”

“Nakusikia, mama.”

“Mzee anasema ulikaa macho ndani ya mpini huo tangu masika, na kwamba mabawabu wote wako macho. Wewe wasemaje? Muda wote huo ulikuwa unafanya nini?”

Nuru haikutikisika. Eliamani aliushika mpini kwa mikono miwili, na joto lake lilikuwa kama la kiganja cha mtu.

“Nilikuwa nimelala, mama,” alisema Hadia. “Nikusaidie nini?”

Mtu mmoja kwenye kioo akashusha pumzi. Rangi ikamrudia Anjelista. “Huna madai yoyote?”

“Sina madai.”

“Mheshimiwa Mgonja,” alisema mwenyekiti, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu anayemwongoza mzee kushuka ngazi, “una la kuongeza juu ya kauli ya nakala hii?”

Alikuwa nalo. Neno moja lingetosha: *anadanganya*. Angeulizwa sababu, naye angeieleza, na ingekuwa sababu yenye nguvu. Kifungu chake kingefunguliwa. Hadia angechukuliwa eda ikiisha, angewekwa juu ya meza ya uchunguzi akiwa macho, mwaka, miaka, mpaka mmoja wao achoke kwanza. Na huenda milango yote ya mji ingefunguka nyuma yake. Katika maisha yake yote Eliamani Mgonja hakuwahi kusikia uongo ukisemwa barazani akaketi kimya. Alimwadhibu Shemndolwa kwa kosa dogo kuliko huo. Aliufunga mdomo wa ndugu yake wa tumbo moja kizimbani kwa kosa dogo kuliko huo.

Ndani ya mpini, Hadia alingoja. Hakuomba. Alikuwa amekwisha kuomba mara moja, na mara moja alikuwa amekataliwa.

“Juu ya kauli yake,” alisema Eliamani, “sina la kuongeza.”

“Basi kwa mujibu wa kifungu, aliyeikuta aikate mwenyewe, mbele yetu.”

Alifungua kitako cha mpini. Waya mfupi ulikuwa pale, wenye tone la risasi lililovimba kwa ufundi mbaya. Aliuinamia upanga mpaka ndevu zake zikagusa ngozi, ili kioo kisisikie.

“Tayari?”

“Tangu masika,” Hadia alinong'ona. “Ahsante, baba.”

Mkasi ukafunga. Mrija ukawa plastiki tupu.

Anjelista alikuwa ameanza maneno ya kufungia kikao, akishukuru uaminifu wa mzee na kusema hukumu ya hodi na hodi imethibitishwa kwa mara nyingine, Eliamani aliponyanyua mkono.

“Mheshimiwa Mwenyekiti. Hukumu ile ni yangu. Leo naikana. Ilikuwa ya uongo. Mabawabu wanangoja.”

Yule mjumbe kijana hakuficha tena tabasamu.

“Mheshimiwa,” alisema Anjelista polepole, “shahidi wako mwenyewe amesema vingine sasa hivi.”

“Nimemsikia.”

“Je, alisema uongo?”

“Swali hilo silijibu.”

“Basi una ushahidi gani?”

Alikuwa amesimama peke yake kwenye ukumbi uliofungwa, bomba lisilo na uhai mkononi, vidole vyenye malengelenge, mzee ambaye kesho angesimuliwa kwenye kila kioo cha mji. Alijua kicheko kinavyosafiri. Alijua pia kwamba wahitimu wa Kilele wangekuwa wa kwanza kukipokea.

“Futa maneno yako, mzee wangu,” Anjelista alisihi. “Joto ni kali. Hakuna atakayekulaumu. Nikiyaandika, nitalazimika kuandika na kwamba huna ushahidi, na jina lako litabaki hivyo.”

Eliamani akabana visigino.

“Andika,” alisema, “kwamba sina.”